Ramani ya Felisiani

Albina alikuwa ameichoka ile ramani tangu mumewe akiwa hai. Kila mgeni aliyeingia nyumbani kwao Milanzi, kabla hajamaliza maji ya kunywa, Felisiani alikuwa ameshapanda juu ya kiti kuishusha kutoka darini. Ilikuwa ramani ya Wajerumani, karatasi iliyobandikwa kwenye kitambaa, rangi zimefifia, mipaka imepigwa kwa wino mwekundu. Baba yake aliipata kwa mapadre aliowabebea mizigo.

"Kwetu ni hapa," Felisiani alikuwa akisema, kidole kikigonga upande wa bonde la Rukwa. "Iko siku hii itaturudishia ardhi yetu."

Kwao kulikuwa Isungwe. Waliondolewa huko wakati wa kuhamia vijijini, na mahali pao serikali ikafanya ranchi. Albina aliacha huko kaburi la mtoto wake wa kwanza, Salome, aliyekufa kabla hajajua kukaa. Felisiani alidai, akaandika, akasafiri, akazeeka. Mwisho akafa, na ramani ikabaki darini.

Kisha ukaja ule wakati wa serikali kuuza mali zake. Tangazo likabandikwa kwamba ranchi ingepewa mwekezaji, na mwenye madai aje kwenye mkutano. Jioni ileile Baltazari, mdogo wake Felisiani, akabisha hodi.

"Shemeji, siku ya kaka imefika. Toa ramani."

Albina aliishusha, akakung'uta vumbi. Lakini hakumkabidhi. Asubuhi aliifunga kwenye kanga, akaenda kwa Sista Kristiana, aliyewahi kusomea uuguzi Ujerumani. Alitaka kujua, kabla hajasimama mbele za watu, ile karatasi ilisema nini hasa. Katika maisha yao yote na Felisiani, hakuna aliyewahi kuisoma.

Sista aliitandaza mezani, akavaa miwani, akafuata kwa kidole maneno madogo yaliyoandikwa mahali pale palipokuwa pamegongwa mpaka pakachakaa. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Soma tu, Sista."

"Imeandikwa, 'Nchi isiyo na watu.'"

Albina aliikunja ramani polepole, mkunjo kwa mkunjo. Hakulia. Alijiona tu kama mtu aliyepanda mlima akaambiwa sio huu.

Baltazari alipoambiwa alishika kichwa. "Basi usiseme! Hapa nani anajua Kijerumani?"

"Mwekezaji ana wanasheria."

"Tutabahatisha, shemeji."

"Nimeishi na ramani hii tangu naolewa, Baltazari. Sasa na uongo wake niubebe mimi? Sina nguvu hiyo."

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la ushirika, ambalo miaka hiyo halikuwa tena na mbolea wala mahindi, upepo tu ukipita chini ya mlango. Bwana ardhi wa wilaya alikaa mbele. Albina alisimama, akaifungua ramani, akasema ilivyo: kwamba wao walizaliwa Isungwe na kuzika Isungwe, lakini Mjerumani aliandika kuwa hapana watu.

Watu waliguna. "Kahongwa huyu mama!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akasema heri Felisiani hayupo. Albina aliwasikia wote, akatamani kukaa chini.

Ndipo akasimama mtu nyuma kabisa, amejifunga shuka, fimbo mkononi. Alikuwa Maganga, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Watu wa pale hawakumpenda. Mara mbili ng'ombe wake waliingia kwenye ulezi wao.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba."

"Huyo aliyechora hakufika. Mimi nalisha mle ndani ya ranchi. Kuna matanuru ya udongo, marefu kuliko mimi, ya kuyeyushia chuma. Moja limeota mti katikati, na mti wenyewe mzee. Kuna mawe ya kusagia. Kuna makaburi, moja dogo, limezungushiwa mawe meupe. Ng'ombe wangu siwapitishi hapo."

Albina alijishika kifua. Mawe yale meupe aliyabeba mwenyewe kutoka mtoni, kwa kanga.

Bwana ardhi alimtazama Maganga. "Unajua kulisha ndani ya ranchi ni kosa?"

"Najua, mzee."

Kesho yake walikwenda wote, wakaongozwa na Maganga. Matanuru yalikuwepo, meusi ndani, udongo wake mgumu kama tofali. Bwana ardhi aliyazunguka, akapiga picha. Baada ya miezi uamuzi ukatoka: upande wa makaburi na matanuru urudishwe kijijini, sehemu kubwa iliyobaki, yenye maji, apewe mwekezaji. Na mifugo yote iliyokuwa ndani iondoke.

Kijijini walishangilia siku moja, halafu wakaanza kugombania nani alime wapi. Baltazari alimletea Albina habari za mipaka hiyo kila siku mpaka Albina akamwambia, "Gawaneni. Mimi niachieni kaburi tu."

Maganga alipokuwa akiwaswaga ng'ombe kuteremka kuelekea Kaoze, bondeni, Albina alimsubiri njiani na debe la unga wa ulezi. Mkewe Maganga, Rhoda, alilipokea kwa kupiga goti.

"Ungekaa kimya ungelisha mpaka leo," Albina alimwambia Maganga.

"Huenda." Aliwatazama ng'ombe wakishuka. "Hata kwetu tulikotoka nimeacha makaburi, mama. Sijui nani anayapita sasa."

Walipotokomea, Albina alipanda polepole hadi Isungwe. Majani yalikuwa yamesonga mawe meupe. Alipiga magoti akaanza kuyang'oa, akapumzika, akang'oa tena. Upepo wa Ufipa ulikuwa baridi. Alipomaliza upande mmoja alijilaza kando, kichwa juu ya mkono, akasinzia hapohapo, mchana kweupe.