Ngwe ya Kija

Ile programu niliiandika mwenyewe, kwa hiyo hasira yangu ilianzia kwangu. Mwaka 1996 tulikuwa watatu katika chumba kimoja Nyakato: bosi wangu Rwehumbiza, kompyuta, na mimi. Kompyuta naihesabu kwa sababu bosi aliiheshimu kuliko mimi.

Tulitengeneza programu ya kusimamia vibarua wa mashambani. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mzee Chenge, mwenye shamba la pamba kule Magu, kando ya ziwa. Mimi Mhaya, nimekulia kwenye migomba; nikatunga sheria bila kumuuliza mtu. Kibarua asipoonekana siku nne mfululizo, afutwe, na ngwe yake, kile kipande anacholima, apewe mwingine.

Wiki mbili za kwanza programu ilifuta watu kumi na wanane. "Wafanyakazi hewa," Rwehumbiza akasema, meno yote nje. Mimi nikapanda basi kwenda kuwaona hao hewa.

Getini nilimkuta Kija amekaa chini, kapakata mtoto wa siku tisa.

"Ngwe yangu imelimwa kila siku," aliniambia. "Tangu nijifungue, mdogo wangu Modesta ndiye ameshika jembe langu. Mlitaka nini tena?"

Nyapara Luhende akathibitisha. Huku mtu akifiwa au akijifungua, ndugu yake humshikia jembe, na nafasi inabaki yake. Ndivyo alivyoandika kwenye daftari lake miaka yote, mpaka tulipokuja sisi na mashine tukamnyang'anya daftari. Sasa palizi imepamba moto na ngwe ya Kija anailima mtu mwingine. Niliona aibu, kisha nikakasirika zaidi.

"Niongeze sehemu ya anayeshika jembe," nilimwambia bosi niliporudi. "Ni kazi ya siku mbili tu."

"Kompyuta haina shemeji, Kemilembe. Ijumaa mzee Chenge anakuja kuiona. Usiguse kitu."

Sikugusa kitu.

Ijumaa mzee Chenge alifika na wenye mashamba wenzake wawili. Niliwaamkia shikamoo, nikakaa kwenye mashine. Rwehumbiza, tai shingoni, akaniamuru niwaonyeshe jinsi tunavyonasa watoro. "Ingiza mtu yeyote," alisema.

Nikaingiza jina lake. Mwezi uliopita alikuwa Bukoba siku sita, kumzika baba yake. Niliziingiza zote, tarehe kwa tarehe. Kioo kikaandika: RWEHUMBIZA. HAYUPO. AMEFUTWA.

Mzee Chenge akasogeza kiti. "Siku hizo kazi yake aliifanya nani?"

"Mimi, mzee. Nilikaa kwenye meza yake. Na shambani kwako kuna Kija, amejifungua, mdogo wake akamlimia ngwe kila siku. Programu imemfuta vilevile. Yeye na wenzake kumi na saba."

Rwehumbiza akaanza kueleza kwamba ofisi na shamba ni vitu viwili tofauti. Mzee Chenge hakumsubiri amalize.

"Nilipomzika mama yangu, mimi mwenyewe nililimiwa hivyo," alisema. "Karatasi yenu iliniambia hawa ni watoro, nikaiamini." Akanigeukia. "Warudishe. Waliowekwa mahali pao nitawatafutia ngwe nyingine."

"Sasa hivi, mzee?"

"Si nimekaa?"

Bosi akaniinamia sikioni. "Basi anza na mimi," alinong'ona.

Nilianza na Kija. Bosi nilimrudisha wa kumi na tisa.