Maji ya Mwisho ya Lombe

Mume wangu Lombe alikuwa akinunua samaki Kilwa, kando ya ziwa Mweru, na kuja kuwauza hapa Lubumbashi. Wanaume wengine hurudi safarini na kitenge. Wangu aliniletea maji ya ziwa hilo ndani ya chupa ya mayonezi, nami nilifurahi, maana nafundisha biolojia katika shule ya mtaa wa Katuba, na tone moja la maji yale hutosha kipindi kizima.

Hadubini ya shule hulala kwangu kwa sababu maabara haina mlango. Lombe alipenda kuchungulia kabla ya wanafunzi. Ni viumbe vya chembe moja tu, lakini havifanani: kimoja kina umbo la ndala na hakitulii, kingine ni kijani kama jani na bado kinaogelea, kingine hakina umbo, kinajimwaga tu huku na huku. Na kuna diatomu zenye gamba la kioo, ambazo yeye aliziita madirisha. Nilimweleza kwamba ziwa likigeuka kijani, ujue baadhi yao wamezaana kupita kiasi, na kipindupindu hakiko mbali. Alinicheka, eti katika Katanga yote ni mimi peke yangu ninayesalimia maji.

Mwezi wa pili ziwa liligeuka kijani. Lombe alikufa kwa kipindupindu hukohuko Kilwa, akazikwa kabla sijafika, barabara ilikuwa tope tupu. Dereva mmoja akaniletea mfuko wake. Kati ya mashati ilikuwemo chupa, imejaa.

Maji hayo sikuyapeleka shule. Niliweka chupa dirishani, nikalegeza kifuniko, nikatia punje ya mchele viumbe wale wapate kula. Kila asubuhi nilitazama tone moja. Walikuwa hai, na aliyewachota ni Lombe. Hatukujaliwa mtoto, hakuniachia kingine kinachopumua.

Matanga yalipokwisha, mama mkwe alibaki kukaa nami. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta maji yamepauka, na chini tope lenye rangi ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Nikaweka tone kwenye kioo. Hakuna kilichosogea. Nilikasirika, nikamuuliza mama mkwe amefanya nini.

Alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Hii maji njo iliua mutoto yangu," akasema. "Niliitokotesha yote. Sikupenda ikuue na weye."

Hasira ikaniishia, kikabaki kilio. Tulilia wote wawili, mboga ziko chini.

Baadaye akaomba aone nilichokuwa nikitazama kila siku. Nikamwonyesha pa kuweka jicho. Gamba la kioo haliharibiwi na maji ya moto. Madirisha ya Lombe yalikuwepo yote, matupu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Banalala?" akauliza.

Nikamjibu ndiyo, Mama, wamelala.

Akainuka taratibu, akaninong'oneza tutoke nje, tusiwaamshe.