Matairi ya Bwana Dhamana

Miaka mitatu Dada Spana alimngoja mtu mmoja, na siku mtu huyo alipoingia karakana kwa miguu yake mwenyewe, alimvutia kiti, akampa na maji ya kunywa.

"Ah, mama, ukarimu huu siku hizi haupo," alisema mgeni.

"Karibu sana, mzee. Jisikie nyumbani."

Huyo alikuwa muuza matairi. Watu walimwita Bwana Dhamana, maana hakuuza tairi bila kujipiga kifua: "Dhamana yangu ni ulimi wangu!" Na ulimi huohuo ndio uliommaliza pacha wa Dada Spana. Kaka yake alikuwa dereva wa gari la mikate, na tajiri wake alimnunulia matairi manne "mapya kabisa" dukani kwa Dhamana. Wiki ya pili, kwenye mteremko, tairi la mbele likajimenya kama ndizi na gari likabingirika. Kaka alitoka hai, lakini mguu wa kulia ulikatwa gotini. Mbele ya tume ya ajali Bwana Dhamana aliapa bila kupepesa macho: "Matairi yangu hayana kosa. Kijana alikuwa na mbio." Wakamwamini. Dada Spana, kwenye benchi la nyuma, aliuma mdomo hadi akaonja damu. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Sasa yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa magari katika kliniki ya macho. Kliniki ilikuwa na vani moja ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ya kupeleka madaktari kwenye njia mbovu, na kila masika ilikwama. Daktari mkuu aliagiza wauzaji watatu walete matairi yao yalinganishwe. Barua ya kumwita Dhamana, Dada Spana aliipeleka dukani mwenyewe, akamwachia karani; ndiyo iliyomleta Dhamana karakana.

Jaribio lilifanyika asubuhi kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, penye mteremko wa udongo mwekundu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Vani ilifungwa matairi ya muuzaji wa kwanza, Dada Spana akashika usukani. Yalikuwa ya lami, kashata zake, yale meno ya mpira, nyembamba. Tope likazijaza mara moja, na gari likashuka ubavu ubavu kama kaa. Akaliokoa kwa gia.

"Haya ya kwendea harusini," alisema aliposhuka, na watu wakacheka.

Ya pili yalikuwa na kashata nene zilizoachana. Barabarani yalinguruma, lakini kwenye tope yaling'ata. Alishuka na kupanda mara tatu.

Zamu ya Bwana Dhamana ikafika. Dada Spana alipokuwa akiyafunga, alipitisha kidole pembeni mwa tairi, akagusa alichokitarajia: mstari mwembamba wa gundi, mpira mpya uliobandikwa juu ya tairi kuukuu. Moyo ulimdunda kwa furaha mbaya. Alikaza nati zote barabara, akajifuta mikono, akamnyooshea Dhamana ufunguo.

"Haya utayashusha wewe, mzee."

"Mimi? Mama, dereva si ni wewe?"

"Dhamana si ni ulimi wako? Leo tunaomba na miguu."

Muuzaji wa pili akaguna. Daktari mkuu akakunja mikono kifuani, akisubiri. Bwana Dhamana alitazama mteremko, akatazama matairi, jasho likamtoka kipara kizima.

"Haya… hayafai mteremko kama huu," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini? Si mapya?"

"Yamebandikwa. Yakishika moto yanachunika."

"Na ya gari la mikate, miaka mitatu iliyopita?"

Hapo ndipo Bwana Dhamana alipomtazama usoni sawasawa, akaiona sura ya yule dereva. Akakaa kwenye tope na suruali yake safi.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Andika uliyosema, na ya gari la mikate pia, au panda gari."

Aliandika, na daktari na wauzaji wawili wakatia sahihi kama mashahidi. Kliniki ikanunua matairi ya muuzaji wa pili. Kabla ya mwezi kwisha tume, iliyopelekewa karatasi ile, ilikuwa imelisafisha jina la kaka, na duka la Dhamana limefungwa kwa kufuli la serikali. Kila siku Dada Spana alizunguka njia ndefu kwenda kazini ili alipite lile kufuli.

Jioni ya siku ile ya jaribio, kaka yake alisikiliza habari yote, magongo yake yameegemea ukuta.

"Ungemwacha ashuke nayo," alisema mwishowe.

"Ufunguo nilimpa. Alikataa."

"Angekubali je?"

Dada Spana alimmiminia chai, akaiweka mbele yake.

"Ningefungua mlango, nikamwambia safari njema."