Herufi za Mama Hulda

Mwaka ule Makambako nzima ilimjua Anifa kwa majina yanayocheza. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, kompyuta zikishushwa mjini pamoja na redio na mabati, na kaka yake Issa, mpiga video wa harusi, alinunua moja akaiweka kwenye chumba cha nyuma ya duka lao karibu na stendi. Issa mwenyewe hakuwa na subira nayo. Anifa ndiye aliyekwenda Dar es Salaam kujifunza, na aliporudi, kanda za harusi zikaanza kufunguka kwa namna ambayo watu hawajapata kuiona. Jina la bwana harusi lilidondoka herufi moja moja kama matone ya mvua, la bibi harusi likachanua kutoka katikati, kisha yakasogeleana taratibu mpaka yakagusana. Watu waliirudisha kanda nyuma ili wayaone tena.

Elina alifika asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi imekaza, amejitanda shuka juu ya sweta. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya usharika wao huko Kichiwa. Nyuma yake alikuja binti yake Hulda, msichana wa miaka kumi na saba.

"Kamwene," alisalimu kwa Kibena, kisha akajicheka. "Nimesahau kwamba nyie ni watu wa Ujiji."

"Shikamoo mama. Karibu ndani, huko nje kunauma."

Kwenye televisheni ilikuwa inapita harusi ya jana yake. Hulda aliyaona majina yakidondoka, akacheka kwa sauti kubwa kuliko chumba chenyewe. Issa akageuka kwa mshangao.

"Hasikii, hata sauti yake mwenyewe," Elina alieleza. "Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minane. Alipona, masikio hayakurudi. Kusema anasema, kusoma anasoma." Akaionyesha televisheni kwa kidole. "Mwanangu, nikiimba, unaweza kuyafanya maneno yangu yatembee hivyo? Yaende kama ninavyoyatoa mdomoni?"

"Inawezekana, mama. Ila hayaendi yenyewe. Kila silabi lazima niiambie iingie lini, iwe kubwa kiasi gani, ikae kwa muda gani, itoke vipi."

"Basi ziambie."

Walitundika blanketi mlangoni kuzuia kelele za malori, Anifa akamshikia kipaza sauti. Elina aliimba wimbo aliokuwa akimbembelezea Hulda utotoni, wimbo mfupi wa Kibena, mistari sita tu. Aliimba huku akimtazama binti yake. Katikati alibanwa na kikohozi, akainama, akainuka, akaendelea kama vile hakuna kitu.

Hulda alipotoka kwenda kununua maandazi, Elina alimshika Anifa mkono.

"Kesho baba yake ananipeleka hospitali ya Ikonda, kule Makete. Kifua changu kimeharibika, mwanangu, na mimi mwenyewe najua. Naomba Hulda abaki kwako. Akuandikie maneno, maana Kibena hukijui. Lakini asijue hali yangu. Mwambie nimekwenda kwenye mkutano wa kwaya."

Anifa alitaka kukataa. Vidole vya yule mama vilikuwa vyepesi na vya moto mkononi mwake. Akasema ndiyo.

Hulda alikaa, akiamini mama yake yuko mkutanoni, wakaanza kazi. Kwa kuwa Anifa hakujua lugha ya ishara, walizungumza kwa kuchapa kwenye kompyuta, mmoja anaandika, anamsogezea mwenzake kibodi. Sauti ya Elina ilionekana kwenye skrini kama safu ya vilima, na chini yake Anifa alipanda alama moja moja, kila alama ikiiamuru silabi mwendo wake. Sauti ilipopanda, herufi zilipanda zikivimba kidogo. Elina alipovuta irabu, nafasi kati ya herufi zilifunguka, neno likatanuka kama mtu anayenyoosha mikono. Mwisho wa mstari alipoteremsha pumzi, maneno yalififia kuanzia pembeni, mfano wa mvuke kwenye kioo cha dirisha. Mstari mmoja ulikula siku nzima. Tena kompyuta ilitaka muda wa kuyapika yote yawe picha, kazi ambayo wenyewe waliiita kurenda, na umeme ukikatika katikati, kazi inarudi mwanzo.

Siku moja Hulda aliweka kidole kwenye skrini, juu ya kilima kisichokuwa na neno chini yake.

"Hapa mama anasema nini?" alichapa.

"Hakuna neno hapo."

"Mbona ndicho kirefu kuliko vyote?"

Anifa aliweka mikono juu ya kibodi, akaiondoa. Hulda akaivuta kibodi.

"Anakohoa."

"Ndiyo."

"Hakuna mkutano wa kwaya. Yuko wapi?"

Anifa aliandika neno moja tu: Ikonda.

Waliondoka wote wawili siku hiyo hiyo. Walifika Njombe magari ya kwenda Makete yameshaondoka, wakalala nyumba ya wageni, asubuhi wakapata nafasi nyuma ya lori lililobeba saruji. Barabara ilikuwa vumbi na mashimo.

Manase, baba yake, alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, kofia imelala mapajani. Aliwaona wanakuja, akasimama. Alisema polepole ili binti yake amsome midomo: "Amepumzika. Alfajiri hii."

Hulda hakumtazama baba yake. Alimgeukia Anifa.

"Ungeniambia siku moja mapema," alisema kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Ningemkuta."

Anifa angesema aliombwa na marehemu mwenyewe, lakini maneno hayo aliyaona hayafai hata kuyatoa mdomoni.

Elina alizikwa Kichiwa, kwaya yake ikaimba bila mwimbishaji. Anifa alirudi Makambako akaimaliza ile kanda peke yake, na matanga yalipokwisha aliipeleka. Usharika ulitoa deki, televisheni na jenereta, nyumba ya Manase ikajaa majirani. Sauti ya Elina ilipotoka, akina mama walijifunika nyuso kwa khanga. Manase alitoka nje kabla ya mstari wa pili.

Hulda peke yake ndiye aliyekuwa na macho makavu. Alifuata herufi kwa makini, uso umekunjamana, kama anayemtafuta mtu kwenye umati. Kanda ilipoisha alisema mbele ya watu wote:

"Sio hivi. Mama hakuwa na haraka."

Anifa alijua sababu. Pumzi ilikuwa imemwishia yule mama, alikuwa anaukimbiza wimbo umalizike kabla kikohozi hakijarudi, na herufi zilikuwa zimemfuata kwa uaminifu wote. Safari hii hakuficha. Alipiga magoti mbele ya Hulda, akasema kwa midomo iliyo wazi: "Hakuwa na pumzi, mdogo wangu. Alikuwa anaumwa."

"Najua," alisema Hulda. "Lakini mimi sikumsikia akiwa anaumwa. Niliyemsikia ni yule wa zamani."

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe Makambako. Hakuleta salamu. Aliingia kwenye chumba cha nyuma, akavuta kiti, akachapa: "Ondoa sauti."

Anifa aliizima, vilima vyote vikafutika. Hulda akafumba macho, akaanza kupiga meza kwa kiganja, polepole, kama mama anayempigapiga mtoto mgongoni, na Anifa akawa anapanda alama kwa mapigo hayo. Silabi iliyokuwa ikipita kufumba na kufumbua sasa ilikaa, ikasubiri, ikaondoka kwa hiari yake. Kwenye mstari wa nne Hulda alitaka neno la mwisho liyumbe kushoto na kulia kabla ya kufifia, kwa sababu hapo, alichapa, mama alikuwa akitembea naye mgongoni kwenda kufunga mlango wa jikoni.

Siku zote hizo alikula chakula cha Anifa na kulala chumbani kwake, amegeukia ukutani. Jioni moja Anifa alijikaza, akaandika: "Nisamehe, Hulda."

Hulda aliyasoma maneno hayo. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akayafuta herufi moja moja kuanzia mwisho, mpaka skrini ikabaki tupu. Kisha akachapa: "Mstari wa tatu bado."

Anifa akarudi kwenye mstari wa tatu.

Kanda ya pili waliitazama watatu tu, wao na Manase, nyumbani kwake Kichiwa, kwa vyombo vya usharika vilivyobaki kwake, siku ya ukungu mzito uliofika mpaka kizingitini. Maneno yalipoanza kutokea, Manase aliinuka akagusa kitufe cha sauti, akakizungusha hadi mwisho.

"Mbona haisikiki?"

"Haina sauti, baba Hulda. Ndivyo ilivyo."

Alirudi kuketi. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kanda ile nyingine alikuwa ameifungia sandukuni, na kila alipojaribu kuisikiliza ilimtoa nje. Kwa hii alikaa. Midomo yake ilianza kucheza bila yeye kujua, ikifuata herufi, na Hulda aliacha kutazama televisheni akawa anautazama mdomo wa baba yake. Neno lilipoyumba kushoto na kulia, mzee alishika magoti yake kwa nguvu.

"Hii ndiyo ninayoiweza," alisema.

Hulda akasogeza kigoda chake karibu na cha baba yake, akairudisha kanda mwanzo. Hakuna aliyemwangalia Anifa tena. Alinyanyuka, akajifunga mtandio, akasema kwaheri kwa mzee, naye akaitikia bila kuondoa macho kwenye skrini.

Hulda alimsindikiza hadi barabarani, maana mgeni haachwi aende peke yake. Walisimama kwenye ukungu wakisubiri, kila mtu na upande wake. Gari la Makambako lilipokuja, Hulda alimshikia mkoba wakati anapanda, akaupitisha dirishani mikononi mwake, kisha akageuka akarudi nyumbani kwa baba yake.