Msomaji wa Saa Saba

Saa saba mchana, ugali ukiepuliwa, Luciana alikuwa akisoma matangazo ya vifo katika redio moja ya mjini Singida. Aliyasoma kwa Kiswahili, kama alivyoelekezwa, ila wiki ya Pasaka Kiswahili hicho kilianza kufika majumbani kimegeuka. Mtinko walisikia Kinyaturu, Mkalama Kinyiramba, Kilimatinde Kigogo. Mfugaji mmoja wa Kibarabaigi, upande wa Mgori, alisikia cha kwao, akaongeza sauti ili na ng'ombe wasikie.

Hakuna aliyeshtuka. Mashine za siku hizi zina mambo yake. Bibi mmoja wa Mtinko tu ndiye aliyepiga simu kulalamika kwamba Kinyaturu cha yule binti kilikuwa kizuri mno kwa Mnyiramba kama yeye, na mtani haachiwi hivihivi, alete mbuzi. Luciana akamjibu kwamba mbuzi atapatikana siku atakayoajiriwa.

Hapo ndipo palipouma. Alikuwa kibarua mwaka wa tatu, na sasa nafasi ya msomaji wa taarifa ya habari ilikuwa wazi. Aliitaka mpaka akawa anaiota.

Meneja Stefano, Mnyaturu aliyejizoeza kuongea kama mtu wa Dar, alikuwa amechoresha ukutani maneno "Sauti ya Wote". Kila mchana alimsikia Luciana kwa Kinyaturu cha marehemu mama yake. Aliinuka akaiamkia spika, kisha akarudi kwenye chai yake.

Siku ya usaili walikuja wakubwa wawili kutoka makao makuu. Luciana akasoma habari ya mavuno ya alizeti. Mmoja alisikia Kimachame, akafuta macho. Mwingine alisikia Kihehe, akaomba arudie.

"Umewashinda wote, binti yangu," Stefano alimwambia baadaye mbele yao. "Lakini nafasi hii ni ya Kiswahili, na wewe hujatamka hata neno moja la Kiswahili."

Luciana akaeleza, kwa heshima, kwamba alichosoma ni Kiswahili kitupu. Wakubwa wakamtazama kwa huruma, maana hilo nalo walilisikia kwa Kimachame na Kihehe.

Kazi akapewa Gerald, kijana anayesikika vilevile kila mahali.

Kesho yake tangazo la kwanza la mchana lilikuwa la kumpongeza Gerald, na wa kulisoma alikuwa Luciana. Alilisoma bila kukwama, ingawa roho ilimuuma, na mkoa mzima ukaelewa, kila mtu kwa lugha ya mama yake, nani amepata kazi na nani amekosa.