Mguu wa Ngassa Juu ya Pedeli

...na kidole gumba hicho cha mguu, chenye ukucha mweusi, ndicho kilichomuua Zipora, akipige pigo moja tu la nyundo, moja, mifupa isagike kama karanga kinuni, halafu amvute chini kwa tundu hilohilo la sakafu amkabe mpaka macho yamtoke, Makoye alikuwa akiwaza, amelala chali chini ya gari katika karakana yake ya Ngokolo, ubao wa sakafu ameuondoa hata mguu wa dereva anauona wote, uko karibu na uso wake kuliko mguu wa mtu unavyostahili kuwa... "Nikanyage, fundi?" aliuliza Ngassa kutoka juu, mikono yake ndani ya pingu, na Makoye akajibu kanyaga, maana Donatus, askari aliyemleta, alikuwa amesimama pale mlangoni akisubiri neno moja la kumpelekea hakimu kesho, breki zinavuja au hazivuji, zikivuja ni ajali, Ngassa anarudi kwa mkewe, zisipovuja basi alikuwa amelewa kama walivyosema watu wa gulioni, akaozee jela, na mji mzima wa Shinyanga fundi anayejua breki za mafuta ni yeye peke yake, hata kama marehemu ni mdogo wake, tena afadhali, ah, afadhali sana... "Kanyaga kwa nguvu!" Alikuwa amefuta mabomba yote kwa kitambaa kikavu, akayanyunyizia majivu ya jikoni kutoka mbele hadi nyuma, tone likitoka popote majivu yatalowa, hayafichi kitu, na mpaka sasa ni meupe, makavu, isipokuwa doa lile karibu na gurudumu la mbele lililomshtua, akaligusa, likawa zito, jeusi, mafuta ya shokomzoba hayo, hayahusiani na breki, akacheka kimyakimya, umekwisha, Ngassa, umekwisha, utavunja mawe mpaka meno yakudondoke... Zipora, aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, aliyekwenda Tinde na kikapu cha matobolwa, viazi alivyochemsha na kukausha mwenyewe, gari likamkandamiza kwenye ukuta wa duka, kifua kikabonyea, na Makoye alipofika alikuta watu wanaokota viazi vile mavumbini, mmoja anatafuna, anatafuna! akamrukia, wakamtoa mikononi mwake damu imemjaa yule bwana puani, na hakujuta, hata leo angempiga tena... "Bado, fundi?" Bado, kelele, kanyaga, na mguu ukashuka, ukapanda, ukashuka, naye akajiburuta kwa mgongo hadi nyuma, gurudumu la kushoto, na hapo, chini ya dramu, majivu yalikuwa yamelowa.

Hapana. Akayafuta upesi, nani ameona, Donatus anawasha sigara, akanyunyiza mengine, kanyaga, alisema kwa sauti ambayo hakuitambua, na majivu yakalowa tena, taratibu, kama jeraha linalochuruzika, akafuta tena, atafuta mpaka jua lizame, huyu mlevi hatoki, potelea mbali, atakwenda kwa hakimu aape kwa Biblia kwamba ni kavu kama mfupa, akasogeza kitambaa puani kwa mazoea tu, fundi hunusa kila kinachovuja, akitarajia ile harufu kali ya spiriti... ikamjia harufu ya jikoni. Harufu ya maandazi. Akanusa tena. Mafuta ya pamba... nani katia mafuta ya pamba kwenye breki, mjinga gani, mwuaji gani... na jibu likamfikia kabla hajamaliza kutukana, wiki tatu zilizopita, Mohamedali mwenye gari hili anataka kumpeleka mkewe Dhanbai kule Mhunze, mafuta ya breki yamekwisha madukani, kopo jingine linakuja kwa treni baada ya siku kumi, na yeye Makoye, na chupa ile ya mafuta ya pamba, tunakaangia, tunawashia taa, tunapaka ekseli za mikokoteni ya ng'ombe, mafuta ni mafuta, akamimina, na Ngassa alisimama palepale, akasema, "Nkoi, rafiki yangu, hayo si ya kupikia?" naye akamcheka, "Wewe shika usukani, rafiki, mafuta niachie mimi." Na Makoye alijua. Mwaka wa arobaini na tatu, jeshini, sajini alimpiga kofi kwa jambo hilohilo, mpira wa breki ukinywa mafuta yasiyo yake unavimba, ukishavimba unapasuka, alijua, akasahau kwa kuwa haraka ilikuwa ya tajiri. Siku nne hizi amekuwa akimuua Ngassa kichwani, kwa panga, kwa moto, kwa meno, na Ngassa siku zote nne hajalitaja neno la chupa ile kwa polisi, labda hajui maana yake, labda anajua... Nyundo ilikuwa bado mkononi. Alitamani kujipiga nayo, hapa, katikati ya paji la uso, akaishia kuuma kitambaa mpaka ladha ya mafuta ikamshuka kooni, Zipora, mdogo wangu, ni mimi, ni mimi niliyekubana ukutani.

"Umeona inapovujia?" aliuliza Ngassa.

Majivu yalikuwa yamelowa tena, na safari hii hakuyafuta. "Nimeona," alisema Makoye, lakini sauti ilitoka ndogo mno, na kule juu Ngassa, ambaye hakusikia, akakanyaga tena.