Tundu Juu ya Benchi la Nne

Godoro la fundi bati lilikuwa limeshafungwa juu ya lori, ngazi yake imelazwa ubavuni, na yeye mwenyewe ameshakaa kando ya dereva na kuubamiza mlango mara mbili kwa sababu ulikuwa haushiki, pale Mchungaji aliposimama mbele ya lori na mwavuli mkononi.

"Fundi, teremka. Kanisa linavuja."

"Nimeshahama, Mchungaji."

"Umehama wapi na injini haijawaka? Jumapili tuna ibada ya shukrani, na bati ulipiga wewe."

Dereva aliangalia huku na huku. "Wazee wangu, mimi nina safari. Nishushe mzigo au nisishushe?"

"Shusha ngazi," fundi akasema. "Godoro litangulie kwa mdogo wangu."

"Na atajuaje ni lako?"

"Lina doa la chai upande wa kichwani. Aliimwaga yeye."

Lori likaondoka na godoro. Fundi alikuwa anahama mji baada ya miaka thelathini na mmoja, na aliyemwuliza sababu aliambiwa ni magoti. Sababu yenyewe ilikuwa shule. Kwenda sokoni unaipita, kwenda kanisani unaipita, na kwa miezi minne alikuwa anazungukia nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma ili asiione.

Kanisani alikuta mabeseni matatu sakafuni, yote kando ya benchi la nne upande wa akina mama. Mchungaji alimweleza kama mtu anavyoeleza bomba lililoziba. Matundu yalianza wiki ya mazishi ya binti wa mshonaji. Yule mama mshonaji akiomba, bati linatoboka.

"Nilimhamishia benchi la tisa. Tundu likamfuata."

"Na yale ya kwanza yakaziba?"

"Yazibe wapi! Sasa panavuja huku na kule. Nimemrudisha."

Fundi akapanda. Kitu cha kwanza alichokitafuta ni kosa lake mwenyewe. Msumari wa bati hupigwa mgongoni, pale bati lilipoinuka, maana maji hupita bondeni. Matundu haya yote yalikuwa bondeni, mahali ambapo hata fundi mlevi hawezi kupiga msumari, na kingo zake zilikuwa zimechomoza kuelekea juu. Yalitobolewa kutoka ndani. Fundi akafurahi kidogo kwamba si kazi yake mbovu. Furaha hiyo haikumaliza hata dakika.

Kando ya kila tundu bati lilikuwa limebonyea sehemu tatu. Alama ya buti aliijua, na ya tawi lililoanguka aliijua. Hizi zilikuwa za magoti mawili na kiganja cha mkono. Akapiga magoti juu yake apime. Yake yakaenea na nafasi ikabaki. Aliyepiga magoti pale alikuwa mzito, tena alikuwa ameinama mbele, sikio kwenye tundu, na alikaa hivyo muda mrefu. Juu ya mabenchi ya mbele, wanakokaa wazee wa kanisa, bati lilikuwa limenyooka kama siku lilipotoka dukani.

Akaziba kwa lami na vipande vya gunia, akijihadhari asipake kwenye alama za magoti. Kisha akashuka.

"Kuna mtu anapanda juu," akamwambia Mchungaji.

"Nimemsikia. Mvua ikinyesha huwa anaondoka?"

"Inaonekana haondoki."

"Basi ziba tu," Mchungaji akasema, akaenda kumwaga maji ya mabeseni.

Kule juu ncha ya bati ilikuwa imemchania suruali gotini, na nguo nyingine zilikuwa zimeondoka na lori. Mji mzima ulikuwa na mshonaji mmoja. Fundi alizunguka karakana ya vyuma mara mbili kabla ya kubisha hodi.

Mshonaji aliitwa Mama Mtundu. Mtundu lilikuwa jina la nyumbani la bintiye wa miaka minane, aliyefungua mkasi ili aone kinachokata, na aliyewahi kumwuliza Mchungaji kama Mungu naye huwa anasahau.

"Wewe ndiye unayeniziba," mama akasema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Naziba bati, Mama Mtundu."

"Ndiyo hayo hayo. Lete suruali, jifunge shuka lile, na usikalie pasi."

Fundi akajifunga shuka, akakaa kama mgeni hospitalini. Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza.

"Unamwambia nini kule?" fundi akauliza.

"Kila mtu ananiuliza hivyo, utadhani nimeiba. Taarifa ya shule ilisema paa liliangushwa na upepo. Siku hiyo nilikuwa nimeanika nguo, na hazikutikisika, kwa hiyo upepo nikaufuta. Makaburini nikaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Haya, nikabaki na huyo. Namwuliza mwenyewe: ni kweli ulipenda?"

"Mchungaji anasema kuuliza hivyo ni kukosa imani."

"Fundi, ningekuwa sina imani ningemwuliza nani?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Na hajajibu?"

"Hajajibu. Ila uzi uliokatika mimi naujua, ukiuvuta unakuja wote mkononi. Huu nikiuvuta, kuna anayeshika upande wa pili."

Fundi akaangalia vidole vyake vya miguu. Jibu la swali la yule mama alikuwa nalo yeye, tangu siku ya kwanza. Kenchi za darasa lile, zile pembetatu za mbao zinazobeba bati, zilitakiwa kumi na moja. Zililetwa saba. Fundi alimwambia Mkandarasi, ambaye pia ni mzee wa kanisa, kwamba saba hazitoshi. Mkandarasi akaangalia juu, akasema, "Wewe piga tu, fundi. Mungu atashika." Fundi akapiga. Mungu akashika miaka miwili na miezi mitano. Siku paa lilipoanguka ilikuwa saa nne asubuhi na watoto walikuwa nje kwenye mapumziko, isipokuwa Mtundu, aliyebakizwa ndani kwa adhabu ya kuuliza maswali mengi.

"Jaribu. Goti limekaa?" mama akauliza, akimrudishia suruali.

"Limekaa," fundi akasema. Akalipa, akatokea nyuma ya karakana.

Jumapili kanisa lilijaa. Shukrani zilikuwa za darasa jipya, ambalo Mkandarasi alilijenga upya palepale. Waumini walisimama mmojammoja wakashukuru. Shukrani zilipanda mpaka kwenye bati, zikarudi, zikatua mabegani mwa watu kama vumbi la chaki, nao wakajipangusa. Katikati ya hayo Mama Mtundu aliinamisha kichwa akauliza swali lake. Lami ya fundi ikaruka kama kizibo, na doa la mwanga likatua mapajani mwake.

Fundi alikuwa amekaa benchi la mwisho. Alikuwa na maombi yake ya siku zote, mafupi, ya afya na safari njema, na aliposimama alidhani atasema hayo.

"Baba," akasema, "kenchi zilikuwa saba. Zilitakiwa kumi na moja, na mimi nilijua. Niliambiwa utashika. Nikapiga misumari, nikala chakula changu cha mchana, nikaenda nyumbani. Mama huyu anakuuliza kama ulipenda, na mimi nimemwacha akuulize wewe miezi minne. Sasa na mimi nakuuliza. Waliposema utashika, walikuuliza? Na kama ulisikia, mbona hukushika?"

Juu ya kichwa chake bati likatoboka, tundu dogo kama punje ya maharage. Kisha paa likalia. Lilikuwa goti moja, halafu la pili, taratibu, kama anavyoshuka mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno, halafu kiganja. Watu wakangoja, kama wanavyongoja gari kubwa lipite nje ndipo mazungumzo yaendelee.

Mkandarasi alikuwa amefumba macho. Kwa desturi yeye ndiye aliyekuwa akifunga maombi.

"Amina," akasema.

"Amina," kanisa zima likaitikia.

Katibu akaandika katika daftari lake: ombi la fundi, limepokelewa.

Mama Mtundu hakuitikia. Aligeuka akamtazama fundi mpaka Mchungaji alipoanza matangazo: kwaya Alhamisi, vyombo vilivyosahauliwa jikoni, na pongezi kwa Mkandarasi kwa kupewa kazi ya madarasa mengine mawili. Kisha mama akajisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Fundi hakuweza kwenda kuikalia. Nafasi hiyo ilibaki wazi mpaka mwisho wa ibada.

Kesho yake fundi aliandika kurasa mbili kwa mkono, akazipeleka ofisi ya elimu. Ziligongwa muhuri na kuwekwa katika jalada la upepo. Safari hii, kwenda kupanda gari, alipita mbele ya shule. Sasa anaishi kwa mdogo wake na analala kwenye godoro lenye doa. Bati la nyumba hiyo lina tundu moja. Mdogo wake alilalamika mara moja, akanunua beseni.

Mkandarasi alimaliza madarasa mawili, kenchi saba kila moja. Ni mzima, ameongezeka mwili, na bado ndiye anayefunga maombi.

Mchungaji alipigilia dari ili matundu yasionekane. Mwaka wa pili lilitokea moja juu ya meza anayoandikia mahubiri. Aliweka kikombe chini yake, na hakumweleza mtu.

Mama Mtundu yuko benchi la nne, beseni miguuni. Swali lake limebadilika, sasa linahusu watoto wa madarasa yale mawili. Ile nafasi ya pembeni yake hajairuhusu ikaliwe.

Masika yaliyopita aliitwa fundi mwingine, mgeni, aje akomeshe kuvuja. Alipanda, akakaa juu kidogo, akashuka na lami yake haijafunguliwa. Akasema upande mwingine wote ameukagua na uko sawa, lakini pale juu ya akina mama hawezi kuziba, kwa sababu pana mtu.